Mgeni mwenye mwavuli katika shamba letu

Leo shangazi yangu mwenyewe ameniomba mbegu.

Nilikuwa nashuka kwenye shamba letu la Kibabi, ambako mama na wenzake wanapiga maharage kwa fimbo. Nilikuwa na kofia pana, kitambaa hadi mashavuni, mwavuli, krimu nyeupe puani. Mnajua nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa lile kovu la moto shavuni, na daktari alionya: ngozi mpya ikipigwa na jua, doa jeusi litabaki.

Fimbo zikanyamaza.

"Karibu, Madame wa ONG!" shangazi akapaza sauti, akinidhania mtu wa shirika la misaada. "Ile mbegu mulituahidi, itafika lini?"

"Shangazi, ni mimi!"

Wakacheka hadi wakakaa chini. Nami nikacheka. Halafu nikaona fimbo moja imelala bure, maganda yamekauka vizuri, na hamu ikanishika. Nikafunga mwavuli, nikaiokota.

Mama akaninyang'anya.

"Rudia ku nyumba. Jua itakuwa hapa mwaka kesho. Ile sura tuliingojea miaka mingi."

"Basi tupigie kwa kivuli, mama."

"Kwa kivuli maharagi haiwezi pasuka. Unajua."

Najua. Maganda yanataka jua lilelile ninalokatazwa.

Sasa niko ndani, pazia limeshuka. Nasikia fimbo zikipokezana kule chini, na ninajua kabisa pengo langu liko wapi katika mdundo ule.

Ninyi mlio shambani leo, nipigieni fimbo moja. Kisha mniandikie hapa: jua liko namna gani mgongoni?