Birika la Mwongeli

Mwongeli wa Kyuso ameshika ufunguo wa kisima cha mashine miaka kumi na tisa, na upande huo ni nadra kupata mbuzi ambaye hajanywa kwa mkono wake. Kila Jumamosi jioni huingia ndani ya birika la saruji la kunyweshea mifugo, gauni amelikunja kiunoni, akalisugua kwa mchanga na ufagio hadi liwe safi kuliko sufuria za watu fulani ambao sitawataja. Anaposugua huimba nyimbo za kanisani, ubeti kwa ubeti, bila haraka. Watu walizoea kusema Mwongeli anawaimbia ng'ombe. Waliosema hivyo hawakuwahi kumuuliza.

Alikuwa akimwimbia Mungu, na alijua yuko pale. Mwaka mmoja wa kiangazi kikali mashine ilikufa, mifugo ikalia langoni siku tatu, naye akaketi ukingoni mwa birika tupu akaimba, maana hakuwa na la kufanya. Katikati ya wimbo akajua moyoni kwamba hayuko peke yake. Mashine haikuwaka, fundi alifika kesho yake na spana zake kama fundi yeyote. Lakini Mwongeli aliokoka siku ile, mtu mzima mwenye wajukuu, na Jumapili iliyofuata akajiandikisha kwa ubatizo.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kanisa lao humzamisha mtu mwili mzima majini, askofu huja mara moja tu kwa mwaka, na pa kuzamishia ni mtoni, na mto wenyewe ni mchanga mtupu hadi mvua inyeshe. Miaka miwili mfululizo mvua ilikataa. Asiyebatizwa haikaribii meza ya Bwana, kwa hiyo mkate ulipozungushwa, Mwongeli aliupisha upite huku akijifanya anapanga leso yake kichwani. Wajukuu wake waliobatizwa zamani walimpita wakienda mbele. Jambo hilo lilimuuma sana.

Mwaka huu wazee wa kanisa walikata shauri kwamba mvua haitawaaibisha tena. Wakachimba shimo nyuma ya kanisa, wakalitandika nailoni, wakaleta maji kwa lori. Kazi ilikuwa nzuri, ila walisahau jambo ambalo mtoto yeyote wa Kyuso angewaambia: maji yaliyoachwa wazi wakati wa kiangazi yana wenyewe, na wenyewe wana kwato. Jumapili asubuhi shimo lilikuwa na tope, nailoni imechanika vipande, na punda mmoja amesimama kando, tumbo limemjaa, akiwatazama waumini bila aibu yoyote.

Watu tisa walikuwa wamekwisha kuvaa kanzu nyeupe, Mwongeli akiwa mmoja wao. Askofu alilazimika kuondoka saa sita. Pasta Kitheka akainamisha kichwa, akasema itabidi wangoje mwaka ujao.

Mwongeli aliposikia mwaka ujao, akageuka kutazama upande wa kisima. Dawa alikuwa nayo tangu mwanzo, ila aliona haya kuitaja: utamwambiaje askofu aingie mahali ng'ombe wanaponywea? Kisha akakumbuka alikuwa ameketi wapi siku Mungu alipomjia, na haya ikamtoka.

"Pasta," akasema, "maji iko kwangu. Ile birika niliosha jana."

Muthoki, katibu wa akina mama, mtu wa vitambaa vya meza vilivyopigwa pasi, akauliza kama kweli wanataka kuwabatiza watu katika mate ya ngamia. Wengine wakaguna pamoja naye. Askofu hakuguna. Alimgeukia Mwongeli, akamuuliza kama mahali hapo panafaa kwa ibada.

"Bwana Askofu, mimi huimba hapo kila Jumamosi," Mwongeli akamjibu. "Kwani miaka hii yote nimekuwa nikiimba peke yangu?"

Askofu akavua viatu na soksi pale pale, akauliza njia. Wakaenda kisimani wakiimba, kanisa zima nyuma ya Mwongeli.

Langoni walimkuta Abukar, mfanyabiashara wa mifugo, na mbuzi wake zaidi ya mia. Jumapili ni zamu yake, na mbuzi wale hawakuwa wamenywa kwa siku mbili. Wakinywa wao kwanza, birika lingekauka, na tangi la kulijazia lisingejaa tena hadi jioni, askofu ameshaondoka. Mwongeli alilijua hilo. Lakini alijua pia kwamba mwenye kiu hangojeshwi, awe mtu au mnyama. Akamweleza Abukar shida yao, akamwambia akikataa mbuzi watatangulia, na kanisa litangoja mwaka ujao.

Abukar akawatazama mbuzi wake, akazitazama zile kanzu.

"Mama, wewe hujawahi kuninyima maji hata siku moja," akasema. "Hawa wangu watangoja. Hiyo maji mkimaliza nayo, msimwage."

Wakazamishwa mmoja mmoja, vigelegele juu ya vigelegele. Mwongeli alikuwa wa mwisho, maana ndiye aliyeshika koki. Zamu yake ilipofika tangi lilikuwa limekwisha na maji yamepungua hadi magotini, ikabidi Askofu na Pasta wamlaze kabisa. Mgongoni alihisi ile saruji aliyoisugua miaka yote, kila ufa akiujua, na ndani ya maji akajua tena kile alichokijua mwaka ule wa kiangazi. Alipoinuka alipiga kigelegele mwenyewe, bila kuwangoja akina mama. Muthoki akaingia majini na viatu vyake vya Jumapili akamkumbatia.

Kanzu ingali inachuruzika, Mwongeli akaenda kulifungua lango. Mbuzi wa Abukar wakajipanga kwenye birika wakanywa maji yale yale. Naye akauanza wimbo wake wa Jumamosi, ule wa kuwaimbia ng'ombe, na kanisa zima likaitikia.

Askofu akaumega hapo hapo ukingoni mkate uliobebwa kutoka kanisani. Ulipomfikia Mwongeli, hakugusa leso yake. Aliupokea kwa mikono yake miwili iliyolowa, akala.