Kiholanzi cha Shangazi Atija

Kabla kijiji chao hakijahamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi, shangazi yangu Atija alikuwa akipika na kufua katika nyumba ya wageni pale Palma, kaskazini mwa Msumbiji. Ndiyo miaka ile gesi ilipogunduliwa baharini, mji ukajaa sura ngeni. Aliyekaa sana kuliko wote ni Ineke, mama wa Kiholanzi aliyekuwa akipima kina cha bahari. Kiswahili chake alikiokota Mtwara, naye akawa anampa shangazi maneno ya kwao.

Alasiri walikaa barazani wakikunja nguo. Taulo ni handdoeken, yaani nguo za mkono. Mitandio ni hoofddoeken, nguo za kichwa. Shangazi aliyatamka kama tutamkavyo sisi, mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: hand-DOE-ken, hoofd-DOE-ken. Ineke akawa hajui ameambiwa taulo au mtandio.

"Dada Atija," akamwambia, "nyuma kote ni nguo tu. Kinachozitofautisha kiko mbele, basi sauti ipande huko: HAND-doe-ken, HOOFD-doe-ken."

Akamwonyesha na pa kukatia. Maneno mawili yakiungana, silabi hukatwa pale pale kwenye kiungo. Kiazi wao hukiita tufaha la ardhini, aardappel. Shangazi alikuwa akikata aar-dap-pel. Kumbe ni aard-ap-pel, ardhi upande huu, tufaha upande ule. Mumewe Hamido aliposikia kiazi kimeitwa tufaha alicheka hadi akakaa chini.

Masika moja Ineke alishikwa na homa kali. Kireno kikampotea, Kiswahili kikampotea. Akawa ananung'unika neno moja tu, na shangazi akanasa kipande chake cha mbele: hoofd. Akamwambia muuguzi kwamba mgonjwa analalamikia kichwa. Ikaonekana ni malaria. Shangazi alimuuguza, akimlisha uji kwa kijiko, mpaka akasimama mwenyewe. Mwaka uliofuata kazi ya Ineke ikaisha, wakaagana wakilia wote wawili.

Sasa shangazi anaishi Quitunda, nyumba ya matofali, bahari mbali. Hamido, aliyekuwa mvuvi, bado anazilalamikia nyavu zake zilizokosa kazi. Nikiwatembelea, shangazi humtaja Ineke zaidi kuliko anavyoitaja gesi.

"Nikikosea, alikuwa ananingoja nirudie," aliniambia safari iliyopita. "Waliokuja baada yake wote walikuwa na haraka."

Kisha akaniuliza kama nimekula.