Pikipiki ya Bi Mdogo

Mafundi cherehani wa Kariakoo wanamwita Seifu Nyuzi, kwa sababu ndiye anayewapelekea nyuzi, zipu na vifungo, na pia kwa sababu mwenyewe amekonda kama uzi anaoubeba. Miaka mingi amefanya kazi hiyo na pikipiki moja nyekundu, siti ngumu, shokapu zimechoka. Kila penye shimo inamrusha, na mashimo ya mji huu hayamwonei haya mtu mzima. Mgongo ukaanza kumsumbua. Walipomwambia anunue nyingine alicheka tu, wakasema ni bahili. Watu na midomo yao.

Ukweli ni kwamba ile nyekundu ilikuwa na abiria.

Marehemu mkewe, Badria, alikuwa akiuza vitenge kwenye kona moja ya Msimbazi, na kila jioni Seifu alimpitia. Badria alikuwa na mwili wake, mashallah. Akipanda, shokapu zinalia na nyuma inazama. Siku moja Seifu alifika akakuta vitenge vimefunikwa na majirani wamesimama kimya. Presha ilikuwa imemwangusha, walishamkimbiza hospitali, na hakurudi tena. Jioni ya kesho yake baada ya mazishi, Seifu alisimama pale pale kwa mazoea, akili haipo.

Shokapu zikalia. Nyuma ikazama.

Hakumwambia mtu. Aliogopa, lakini kesho yake akarudi, na keshokutwa vilevile, kwa maana hofu ya kuwa naye ilikuwa nafuu kuliko nyumba tupu. Alimpakia kila jioni, akamshusha mlangoni kwao Buguruni, kisha akaingia ndani peke yake.

Mwaka huu akamuoa Shadya, mjane anayeuza chakula karibu na Mnazi Mmoja, mwenye ulimi mwepesi na mkono mzuri wa pilau. Seifu alimpenda, wala hakuficha. Lakini jioni ya kwanza Seifu alipotoka Msimbazi kwenda kumpitia, Shadya alipanda nyuma ya ile nyekundu akaruka chini kabla haijaondoka.

"Hii ina mwenyewe," akasema. "Nimekaa mapajani mwa mtu. Sipandi tena, mume wangu. Bi mkubwa ana yake, na mimi nitafutie yangu."

Seifu akageuka kuitazama siti tupu. Siku zote alikuwa akijiambia kwamba ni majonzi tu. Kumbe si yeye peke yake.

Ndipo akaenda kwa Anuari, kijana anayeuza pikipiki za mtumba Buguruni.

"Shikamoo, mzee Seifu."

"Marahaba. Nataka kubwa kiasi. Siyo hizi za vijana wanaopaa nazo. Ya kukalia mtu mzima na mkewe."

Anuari akamtolea moja ndefu. Seifu akaiendesha hadi ile kona ya Msimbazi, akasimama, akasubiri. Nyuma ikazama. Akairudisha akisema siti mbaya. Akapewa nyingine, ya kuendeshea mtu ameinama kama anatafuta sindano, nayo ikazama.

"Mzee, kila shokapu unakwenda kuipima Msimbazi. Kuna nini huko?"

"Kuna kona," Seifu akajibu.

Ya tatu ilikuwa ya bluu, cc mia nne, usukani wa juu, siti pana kama godoro. "Hii hata mshikaki wa watu watatu inabeba," Anuari akasema, "ila trafiki wasikuone." Seifu akaenda nayo mpaka kwenye kona. Akasubiri. Wapita njia wakapita, muadhini akaadhini, na nyuma hakikuzama kitu.

Hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta, ya Shadya peke yake. Angepaswa kushukuru. Badala yake akalia pale pale barabarani, wauza mitumba wakimtazama, kwa sababu alijiona amemwacha Badria kando ya njia. Akajifuta uso kwa kiganja, akarudi kwa Anuari, akainunua.

Jioni ile akampitia Shadya. Mgongo ulikuwa umetulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka, na mke mpya amemkumbatia kiunoni. Walipokaribia ile kona, Seifu akaongeza mafuta ili wapite haraka.

"Simama," Shadya akasema.

"Hapa hakuna kitu."

"Nimesema simama. Nani asiyejua kwamba marehemu ulikuwa ukimpitia hapa? Ile nyekundu umeiacha nyumbani. Bi mkubwa leo kapitiwa na nani?"

Seifu akasimama. Akaweka mguu chini. Shadya akasogea mbele mpaka akambana mumewe mgongoni, kisha akaipiga vumbi siti nyuma yake kwa ncha ya mtandio.

"Karibu, dada," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, maana na yeye aliogopa. "Kwangu pana nafasi."

Shokapu za bluu hazilii. Nyuma ikazama taratibu, ikatulia. Mikono yote miwili ya Shadya ilikuwa kiunoni mwa Seifu, na mkono wa tatu, baridi, ukamshika bega la kushoto, pale pale Badria alipozoea kumshika.

Shadya akavuta pumzi ndefu.

"Haya, twende," akamnong'oneza. "Lakini pita vichochoroni, baba. Trafiki akituona hapa katukamata. Tumepanda mshikaki."