Simu Ndani ya Sufuria

Kule Bukavu nilikuwa mwalimu wa fizikia, nikifundisha kwa Kifaransa. Nilipokimbilia Kampala nikawa muuza vitenge katika mtaa wa Kamwokya, miaka ikapita, mpaka shule moja upande wa Kibuli ikaniita nifundishe somo moja la majaribio: mawimbi ya sumakuumeme, kwa Kiingereza. Wakiridhika, kazi ni yangu. Niliitaka kazi ile mpaka chakula hakipiti. Nilikuwa nimechoka kusifia maua ya vitambaa.

Fizikia niliijua, ila Kiingereza chake kilinipiga chenga. Basi nikanunua bando, nikaingia mtandaoni. Mtandaoni kuna watu hawana haya. Ukurasa wa kwanza ulitaka kuniuzia bangili ya kukinga mawimbi. Wa pili ulijaa fomula tupu, mwandishi anajisemea mwenyewe. Wa tatu, wenye picha za kupendeza, ulisema simu ikifunikwa ndani ya sufuria haiiti kamwe, kwa kuwa metali huzuia mawimbi. Nikaweka simu kwenye sufuria ya ugali, nikafunika, nikamwomba jirani yangu, mjane wa askari kutoka kaskazini, anipigie.

"Mama," akasema akichungulia dirishani, "simu iko nalia kwa sufuria. Wewe napika nini leo?"

Yeye alicheka, mimi nilikasirika. Picha zote zile, na uongo juu yake!

Ukurasa wa nne haukuwa na sura. Hakuna picha, maandishi yamebanana. Lakini ulieleza kwamba kifuniko cha sufuria huacha mwanya, na mawimbi hupita hapo. Afadhali kuifunga simu kwa karatasi ya foili, ile ya kufungia chakula. Ikiita bado, ukurasa ukasema, usiache jaribio, tafuta mwanya. Nikafunga, simu ikanyamaza. Nikafungua kona moja, ikaita. Niliupenda ukurasa ule kwa sababu ulinionyesha mahali ambapo mambo yangeweza kuharibika. Mpaka leo mtu akiniuliza atamjuaje mwalimu mzuri mtandaoni, namjibu hivyo hivyo.

Siku ya somo mkuu wa shule alikaa nyuma, mikono kifuani. Niliifunga simu kwa foili harakaharaka mbele ya wanafunzi, nikamwomba mkuu apige. Ikaita, tena kwa wimbo wa kwaya. Darasa zima likaangua kicheko, nami nikaiona kazi inaondoka.

"Haya," nikasema, "wimbi limepitia wapi?"

Kicheko kikakatika. Wakaja mbele, wakaigeuza simu, wakabishana. Msichana mmoja akaona kona iliyoachia, akaikunja. Mkuu akapiga tena. Kimya. Wakashangilia kama waliofunga bao.

Tulipotoka nje, mkuu alinipa mkono, uso wake hausomeki.

"Jumatatu unaanza na darasa jingine, mwalimu," akasema. "Somo hilo hilo. Na ile foili, tafadhali, usiifunge vizuri."