Kitambi cha Baba na Njia ya Kimisagara

Mimi siyaamini mazoezi. Nalisema mapema, asije mtu mzima akanipa tena habari za jirani yake aliyetembea mwezi mmoja akawa mwembamba kama sindano. Jirani huyo yuko kila mtaa, ila hakuna aliyewahi kunionyesha nyumba yake. Niliyemwona kwa macho yangu akitembea ili akonde ni baba yangu, na yeye nilimchunguza kama askari wa forodha anavyochunguza gunia la vitenge vya Zaire.

Baba ni fundi cherehani hapa Biryogo. Anashonea barazani, mbele ya nyumba yetu, na kitambi chake kinaingia msikitini kwanza, yeye anafuata. Mwaka jana goti lake la kulia lilianza kugoma. Alikuwa anakanyaga pedali mistari miwili, cherehani inanyamaza, anasugua goti na kumtaja Mungu. Anakanyaga tena, inanyamaza tena. Mama akampeleka hospitali. Muganga akamwambia goti limechoka kubeba watu wawili, yeye na tumbo lake. Atembee kila asubuhi, apungue, arudi baada ya miezi miwili. Asipopata nafuu, pedali basi.

Aliporudi alinitazama mimi, siyo goti. Tuko wanne, mimi ndiye wa kwanza, na ni mimi peke yangu ninayeweza kushona kola ikakaa.

"Mama," akasema. Ananiita hivyo kwa sababu nimepewa jina la mama yake. "Hili goti likishindikana, wewe utakaa kwenye cherehani."

"Na shule, Baba?"

"Shule haina miguu. Haitakimbia."

Haina miguu, sawa. Lakini binti wa nyumba ya pili alitolewa shule "kwa muda" amsaidie mama yake kukaanga sambusa, na mpaka leo anakaanga. Nikajua kwamba mimi na kile kitambi tumefungwa kamba moja. Kikibaki, mimi ninatoka.

Baba akaanza. Akishaswali alfajiri anavaa viatu vya raba juu ya soksi za kazini, anateremka hadi Kimisagara bondeni, kwa fundi mwenzake waliyejifunza kazi pamoja utotoni, kisha anapanda kurudi. Mtaa ulifurahi sana. Huyu ni mtu ambaye Jumamosi kwenye umuganda, ile kazi ya pamoja ya Wanyarwanda wote, wenzake wakichimba mfereji, yeye huchagua kushika kamba ya kupimia.

"Mzee, unamkimbia nani?" muuza mkaa alimwuliza.

"Nakikimbia kitambi!"

"Mbona kimekutangulia?"

Siku hiyo Baba alitembea haraka kidogo.

Kila Ijumaa fundi wa Kimisagara alikuwa anampima kiuno, maana baba anasema fundi hajipimi mwenyewe, kama kinyozi asivyojinyoa kisogo. Siku ya kwanza nilimpima mimi, nyumbani: santimita mia na ishirini na tatu. Ijumaa ya kwanza akarudi na mia na kumi na tatu. Ya pili, hiyohiyo. Ya tatu, kumi na mbili. Mama akapiga vigelegele, akamwongezea nyama kwenye sahani kwa sababu "anakonda sana, asije akaugua."

Mimi nikatazama mkanda wake. Tundu lilelile. Nikatazama kiti chake cha kamba kinavyolia akikaa. Kilio kilekile. Santimita kumi na moja zimekwenda wapi? Zimeanguka njiani, Wanyarwanda wamezipita hawakuziokota?

Likizo ya Pasaka ilipofika nikasema Ijumaa nataka kwenda naye. Alisita.

"Utachoka, mama."

"Baba, mimi nina miaka kumi na sita. Wewe ndiye mwenye miguu ya kuazima."

Tukateremka. Nakiri kwamba alitembea vizuri, mikono inakwenda kama mtu anayegombana na hewa. Kufika kwa fundi wa Kimisagara, kumbe kabla ya kupimwa kuna kukaribishwa. Mke wake akaleta chupa ya chai ya maziwa na sahani iliyofunikwa. Akafunua. Chapati, zinametameta mafuta, na maharagwe pembeni.

"Shemeji, kula, umetoka mbali," akasema.

Na shemeji akala. Alikula chapati tatu kwa utaratibu, kama mtu anayelipa deni. Ya nne akaigawa nusu, nusu akanipa mimi, nadhani ili nifunge mdomo. Niliila, ilikuwa nzuri mno. Nikaelewa kwamba anachokiacha mlimani kinamsubiri bondeni, kimepakwa mafuta.

Halafu wakasimama kupima. Na hapa lazima nieleze jambo la mafundi wetu.

Mteja mnene hapimwi kwa sauti ya kweli. Barazani kuna watu, wengine wanasubiri, wengine wanapita tu, na mama wa heshima hawezi kutangaziwa kiuno chake mbele ya muuza mkaa. Kwa hiyo fundi hutaja namba ya adabu, kisha anaongeza "mashallah". Anayeandika kwenye daftari, akisikia mashallah, anaongeza kumi. Mimi ndiye ninayemwandikia baba tangu nilipojua kushika kalamu. Yeye anasema, "Tisini, mashallah," mimi naandika mia, mteja anatabasamu, na gauni linamkaa sawasawa. Baba na mwenzake walifundishwa hivyo na fundi mmoja, wakabaki nayo maisha yao yote.

Baba akanyanyua mikono, akatazama dari. Mwenzake akamzungushia utepe, akauvuta, akainama kusoma.

"Mia na kumi na moja," akasema. Akaanza kukunja utepe. "Mashallah."

Hakuna aliyeandika. Hakukuwa na daftari. Kalamu ilikuwa kichwani mwangu tu, nayo ikaandika mia na ishirini na moja.

Nikamtazama baba. Bado alikuwa anatazama dari, kwa makini sana, kama kuna jambo zuri limeandikwa kwenye mabati.

Tukapanda mpaka kwenye mti wa mkaratusi ambapo watu husimama kupumua. Yeye hakusimama. Mimi ndiye niliyesimama.

"Baba, umesikia alichosema?"

"Nimesikia. Mia na kumi na moja."

"Na kilichofuata?"

Akageuka. Nilidhani atanikaripia. Akapangusa uso kwa kofia yake.

"Nimesikia tangu Ijumaa ya kwanza," akasema. "Mimi namkaripia vipi? Amenipa adabu ninayowapa watu kila siku. Nikimwambia aache, ni kama nimemwambia mimi si mtu wa kuheshimiwa."

"Kwa hiyo unanitoa shule kwa ajili ya adabu?"

Lilikuwa neno kubwa. Mdomo wangu huwa unatangulia, kama kitambi chake. Akatazama Kimisagara chini, moshi wa majiko na mafundi wanafungua milango yao.

"Basi kuanzia Ijumaa ijayo," akasema, "utakuwa unanipima wewe. Na unasema namba peke yake."

Tulifanya hivyo. Kila Ijumaa, mlango umefungwa, namba peke yake. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Ishirini. Chai ya Kimisagara alibaki nayo, chapati akashuka hadi moja, kwa mateso. Alisema ni vigumu kuliko Ramadhani, kwa sababu Ramadhani angalau hata fundi mwenzake hali. Akatembea mpaka siku ya muganga, na mimi nikawa nimeshaanza kuaga daftari zangu.

Hospitali alipanda kwenye mizani. Muganga akasukuma kile chuma, akakirudisha, akakisukuma tena.

"Kilo mbili," akasema. "Miezi miwili, kilo mbili?"

Nilitazama sakafu. Baba akatazama dari, ndiyo tabia yake.

Kisha muganga akamlaza, akalikunja goti, akalikunjua, akalibonyeza pembeni. Akamwambia achuchumae asimame. Akachuchumaa. Akasimama. Mara ya pili. Mara ya tano alifanya bila kuambiwa, kwa majivuno.

"Unapanda mlima gani wewe?"

"Wa Kimisagara, muganga. Kila siku."

"Misuli ya paja imekaza, ndiyo inayoshika goti sasa. Tumbo bado liko. Endelea na kazi, lakini usiache mlima."

Mimi sikuridhika. Nikauliza, "Muganga, sasa mazoezi yanapunguza uzito au hayapunguzi?"

"Mnakula nini mkirudi?"

"Hatuli tukirudi. Tunakula tukifika."

Alicheka mpaka muuguzi akaingia kuona kuna nini. Jibu hakunipa. Ndiyo maana bado siyaamini. Kilo mbili zile naweza kusema ni za chapati zilizoachwa, na goti nalo, nani ajuaye, huenda ni yale mafuta ya mbuzi mama aliyokuwa anamsugua nayo kwa siri usiku. Kila mtu nyumbani ana mshindi wake.

Shule ilifunguliwa Jumatatu. Nilivaa sare, nikabeba mfuko, nikatoka, halafu nikasimama nyuma ya ukuta wa jirani nisikilize. Cherehani ilianza. Nikangoja inyamaze. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, suruali nzima ikaisha, akaweka nyingine. Nikangoja tena, maana mtu anaweza kujikaza suruali moja.

Nilifika darasani nimechelewa. Mwalimu akaniuliza nilikuwa wapi, nikamjibu ukweli, kwamba nilikuwa namchunguza mzazi wangu. Akanipigisha magoti mbele ya darasa hadi mapumziko, nami nikapiga magoti bila kulalamika hata kidogo.