Riwaya ya Vita Niliyomsomea Dada Koku, Izigo

Za muda huu wakuu.

Kuna mwenzetu kauliza humu ni riwaya gani za kihistoria za wakati wa vita tunazipenda zaidi. Naona watu wanashusha listi ndefu ndefu.

Mimi ninayo moja tu, na hata hiyo niliielewa nusu. Acha nisimulie ilivyokuwa, chumvi sitii. Anayebisha apite kijijini kwetu Izigo, mkoani Kagera, Ma Justa bado yupo, atamwambia na yale ninayoyaficha.

Ilikuwa miaka ya themanini. Vita vya Kagera vimekwisha, wanaume wamerudi, tukadhani sasa tutapumua. Ikaja Juliana. Ndivyo tulivyouita UKIMWI siku zile.

Mimi nilikuwa nimemaliza form four na kupata divisheni ziro safi, isiyo na doa. Ila pale kijijini nilijiita msomi.

Nilitembea na riwaya ya Kiingereza kwapani, niliyoinunua Bukoba mjini kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekuwa anafunga biashara. Jaladani kuna askari na bunduki. Nilihakikisha jalada linakaa upande wa nje ili mabinti walione.

Hakuna binti aliyeliona.

Aliyeliona ni Dada Koku, mtoto wa baba yangu mkubwa. Mumewe alikuwa ameshafariki, naye karudi kwao akiwa anaumwa. Watu walikuwa wameacha kwenda pale. Hatukujua ugonjwa unaambukizwaje, tuliogopa hata kiti alichokalia. Ma Justa, rafiki yake tangu utotoni, alikuwa anamsalimia akiwa njiani, ng'ambo ya migomba.

Siku moja mama alinituma nimpelekee ndizi. Dada Koku akaniuliza kitabu changu kinasema nini. Nikamjibu ni vita vya Wazungu. Akasema basi nimsomee.

Nikanasa. Nilikuwa sijavuka ukurasa wa tatu.

Nikaanza kusoma huku natafsiri kwa Kihaya. Wakuu, niliiua ile riwaya kuliko mabomu yalivyowaua wale askari. Mahandaki yao niliyafanya mitaro ya kwenye kibanja cha migomba. Shujaa wao alikuwa anaitwa Private fulani. Mimi nilijua private ni mambo ya siri, nikamfanya jasusi. Akila, akilala, akimwandikia mchumba wake, mimi naeleza kwamba hapo anapeleleza.

Kwamba private ni cheo cha chini kabisa jeshini nilikuja kujua miaka mingi baadaye. Sikumwambia mtu.

Milio ya bunduki niliitoa kwa mdomo. Sauti ya mchumba niliitoa kwa kubana pua.

Haikupita muda nikaona watu wanasimama kwenye migomba wakisikiliza. Mara wako uani. Mara Ma Justa yuko mlangoni kabisa. Kichwa kikavimba, nikaanza hadi kuchomekea shati.

Ma Justa ndiye aliyenitoboa puto. Aliniambia wazi kwamba wanakuja kunicheka, na ile sauti ya mchumba wanaiigiza wakiwa shambani.

Iliniuma sana. Nikaenda kumwambia Dada Koku kwamba naacha. Alikuwa amejilaza mkekani, amekonda, macho tu ndiyo yake.

"Usiache," akasema. "Na usijifunze kusoma vizuri. Wakikosa cha kucheka watarudi makwao."

Nikaendelea kusoma vibaya, safari hii kwa bidii.

Tukafika pale jasusi wangu anapigwa risasi na kufa, na alikuwa ameshaambiwa anarudi nyumbani. Sikuwa nimesoma mbele. Nikalia mbele ya watu wote, na kamasi juu. Dada Koku akanyoosha mkono akanishika bega, mgonjwa anambembeleza mzima.

Watu walicheka. Halafu kicheko kikakatika.

Ma Justa akavuka kizingiti, akaketi mkekani, akampakata Dada Koku kichwa mapajani. Tangu siku ile akawa anakuja kumwogesha yeye mwenyewe.

Kitabu kilipoisha, Dada Koku akataka tuanze upya. Nikamuuliza si mwisho anaujua? Akasema anaujua, ndiyo maana anataka mwanzo.

Alifariki tukiwa katikati. Pale tulipokuwa tumefika, yule askari bado mzima, yuko kwenye treni na wenzake wanagombania mkate.

Kitabu ninacho mpaka leo. Tangu siku ile sijasoma kupita ukurasa ule.

Nilichojifunza: kama kuna mgonjwa anakimbiwa, wewe nenda. Usingoje kwanza upate maneno mazuri. Mimi nilienda na divisheni ziro, ikatosha.

Haya wakuu, mlete na zenu. Na kama kuna aliyewahi kumsomea mgonjwa, atuambie alimsomea nini. Wale wa kunisahihisha Kiingereza, mmechelewa.