Ukanda wa Kuni na Shingo ya Mama

Mama alibeba kuni kwa ukanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso, mzigo ukimlalia mgongoni. Ndivyo wanawake wa kwetu Meru walivyobeba, naye alihamia Isiolo na baba bila kuuacha ukanda huo. Nilipomaliza chuo cha ualimu na kurudi Wabera, mtaa wetu wa Isiolo, mwanzoni mwa miaka ya themanini, baba alikuwa amefariki, na ukanda ulikuwa umechimba mfereji kwenye paji la mama. Hata asipokuwa na mzigo alitembea kana kwamba anao. Alizungumza na ardhi, na sentensi zake zilikufa kabla ya kufika mwisho, kwa kuwa kifua kilichokunjwa hakina pumzi ya kutosha.

Mwaka huo upungufu ule wa pumzi ukawa hatari. Kaka mkubwa wa baba alishuka kutoka Meru akadai kiwanja chetu. Alisema ni mali ya ukoo, na kwamba mama mwenyewe alikuwa amekubali kurudi nyumbani. Chifu akatuita barazani. Nilimwomba niseme kwa niaba ya mama.

"Mjane ndiye atakayesema," alinijibu. "Na akiangalia chini, mwalimu, nitajuaje kama anakataa au anakubali?"

Niliondoka pale nikiijua shida iliyotungoja. Katika ukoo wetu mke huinama anaposalimiwa na kaka mkubwa wa mumewe, wala hainui uso mpaka shemeji apite. Mama alikuwa amemwinamia huyu tangu alipoolewa.

Nikaanza kumfundisha nilichofundishwa chuoni: visigino ukutani, mabega nyuma, kidevu sawa. Alinisikiliza kwa adabu huku akikunja ukanda wake.

"Mwalimu, kuni hazibebwi kwa maneno."

Jirani yetu, mjane wa Kiturkana aliyemzidi mama umri, alikuwa akitusikiliza. Yeye alibeba maji kichwani tangu utotoni, na bado alitembea wima kama nguzo ya simu.

"Mama mwalimu," alisema, "kila siku unasalimia mawe. Hayajakuitikia tu?"

"Yana adabu kukushinda wewe."

"Kuja hapa." Alimwekea mama ngata ya kitambaa kichwani, na juu yake mkebe wa maji. "Usiangalie miguu. Miguu inajua njia. Angalia ule mgunga."

Maji yakammwagikia mama hadi kiunoni. Wao walicheka. Mimi sikuweza kucheka, kwa sababu baraza lilikuwa limekaribia.

Kila jioni walitembea hivyo kando ya ua. Usiku mama alilalamika shingo, nami nikamkanda kwa samli. Kisha jioni moja akamwita mbuzi aliyekuwa amevuka barabara, na mbuzi akageuka. Sikuwahi kusikia sauti yake ikifika mbali kiasi hicho.

Siku ya baraza, baba mkubwa hakungoja kuitwa. Alimwendea mama moja kwa moja, mbele ya chifu na wazee, akanyoosha mkono.

"Mke wetu, hujambo?"

Wazee waligeuka kumtazama mama. Niliiona shingo ya mama ikianza safari yake ya zamani. Akiinama, kesi imekwisha kabla hajatamka neno. Kidevu kilikuwa kimekaribia kifua nilipomsikia jirani nyuma yetu, kwa sauti ya chini:

"Maji, mama mwalimu."

Shingo ikasimama. Ikarudi juu polepole, ikitetemeka, mpaka macho ya mama yakakutana na ya shemeji yake.

"Sijambo, shemeji. Karibu Isiolo."

Chifu akamuuliza kama alikubali kurudi Meru.

"Sikukubali. Mume wangu alinijengea hapa, nikamzika hapa, na hapa ndipo nitakapozeekea."

Sentensi ilifika mwisho.

"Huyu mwanamke amebadilika," baba mkubwa alisema.

"Umeulizwa nini?" chifu akamjibu. "Yeye ameulizwa, na amejibu."

Kiwanja kikabaki chetu.

Asubuhi iliyofuata mama alichukua ukanda wake, akaenda kuni kama kawaida. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumkataza, lakini jiko halikuwa na kuni hata moja. Aliporudi alitua mzigo, na kabla hata ya kunywa maji akaenda ukutani, akabana visigino na mabega, akasimama hapo mpaka pumzi ikamrudia.

"Mwalimu," aliniita, "hebu angalia. Kidevu kiko sawa?"